Nakala 18 za uso wa Bibi

Mwezi wa kumi na moja mteja mmoja wa Dar es Salaam alinitumia ujumbe. Alikuwa ameshaiona picha, ameipenda, anataka nakala 2. Kabla ya kutuma hela akauliza: "Dada, bamba umelifanyaje?"

Nilikaa na simu mkononi kibarazani kwangu, hapa Kihesa, Iringa, sikumjibu mpaka usiku. Bamba nilikuwa nimelivingirisha kwenye kipande cha blanketi, liko chini ya kitanda. Sikuwa nimelifanya kitu chochote, na nilijua fika kwamba nilipaswa kuwa nimeshalifanya.

Nieleze kwanza, maana wengi mnaonisoma hapa mnanijua kwa picha za rangi, na hii siyo. Hii ni picha ya bamba. Unachukua bamba la shaba nyekundu, unalipaka nta, unachora kwa sindano juu ya nta hiyo mpaka shaba ionekane, halafu unalizamisha kwenye dawa inayokula shaba. Penye nta dawa haigusi. Sindano ilipopita, inakula, na kadiri unavyoliacha ndivyo mstari unavyozidi kwenda chini. Mstari wa kina kirefu ndio utakaoshika wino mwingi na kutoka mweusi. Ukimaliza unaondoa nta, unapaka wino bamba zima, unafuta juu taratibu mpaka wino ubaki ndani ya mifereji tu, unalaza karatasi iliyoloweshwa, unalipitisha kwenye mashine ya rola mbili zinazobana kwa nguvu. Karatasi inasukumwa hadi ndani ya mifereji na kutoka na wino wake. Ikikauka, pitisha kidole: unausikia mstari, umeinuka. Pembeni kuna ukingo uliodidimia, alama ya bamba lenyewe.

Mimi nilijifunza Dar, kwa mwalimu ambaye naye alifundishwa na watu wa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 1972, ambako kina Robino Ntila walichapa kazi za namna hii. Aliponionyesha nakala ya kwanza sikuuliza inauzwa bei gani. Niliuliza kama naruhusiwa kuigusa.

Kwa nini nyuso? Nadhani ilianzia Kalenga. Darasa la tano tulipelekwa kuliona fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wenzangu waliogopa, mimi nililitazama mpaka nikachoka, nikitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Likizo ilipofika nikamuuliza Bibi: sasa sura yake ilikuwaje? Alikuwa anapepeta mahindi, hata hakuinua kichwa. "Waliomwona wamekwisha, mke mwenzangu."

Bibi huyo, mzaa baba, sasa ana miaka themanini na kitu. Anakaa Mufindi, mwendo wa pikipiki kutoka Mafinga, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye jiko la kuni nyuma. Mwaka jana mwezi wa sita nilienda kwake na mabamba mawili ya shaba, sentimita 15 kwa 20, unene wa milimita 1.2, na donge la nta nililolipika mwenyewe: nta ya nyuki, lami kidogo, na utomvu mkavu wa misindano kutoka huko huko Mufindi. Mnaojua Mufindi ya mwezi wa sita hamhitaji kuambiwa kuhusu baridi. Asubuhi ukungu unakuwa mlangoni, na mzee hatoki jikoni. Basi na mimi nikahamia jikoni.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mke mwenzangu. Umekuja kunichora, au umekuja kula viazi vyangu?"

Nilikuja kwa yote mawili.

Bamba la kwanza liliharibika, na kosa lilikuwa langu. Nililiosha kwa sabuni, nikalipasha moto, nikapaka nta, nikachora asubuhi nzima. Nilipolirudisha Iringa na kulizamisha kwenye dawa, nta ikaanza kubanduka vipande vipande kwenye paji la uso na shavu. Mafuta ya vidole yalikuwa yamebaki chini yake. Uso wa Bibi ukatoka na vidonda. Nililitupa bamba hilo kwenye ndoo, nikalala bila kula.

Niliporudi na kumsimulia, aliuliza swali moja: nilikuwa nimeliosha na nini? Nikamwambia sabuni. Akasema sabuni inaacha utelezi, yeye sufuria zake anaosha kwa jivu, na akaniletea jivu la jikoni, akalichekecha kwa kitambaa mpaka likawa laini kama unga wa muhogo. Tukalisugua bamba la pili kwa jivu na maji, tukalisuuza, na maji yakatandaa juu yake yote bila kujikusanya matone. Hiyo ndiyo dalili ya bamba safi. Mwalimu wangu alitumia chaki na siki. Mimi tangu siku ile natumia jivu, na nta yangu haijabanduka tena.

Kuna hatua moja zaidi, na ndiyo niipendayo. Nta ikishapakwa ina rangi ya kahawia, mistari huioni vizuri. Zamani walikuwa wanaivukiza kwa mishumaa ili iwe nyeusi tii. Bibi ana kibatari, anakitumia umeme ukikatika. Tukakiwasha, tukapandisha utambi ili kitoe moshi mwingi, nikaliinamisha bamba juu yake, uso chini, nikilizungusha mpaka masizi yakaingia kwenye nta ya moto na lote likawa jeusi linalong'aa. Kwa hiyo ile sindano ya kwanza ilipogusa, mstari ulitoka mwekundu wa shaba kwenye giza. Bibi alisogea karibu kuutazama. "Kama njia ya usiku," alisema.

Hakukubali kukaa bure. Alichambua maharage asubuhi zote tatu, na mimi nilichora macho yaliyotazama chini, yakiinuka mara moja moja kunikagua. Nataka kusema jambo moja hapa, na nalisema kwa uzito wote. Picha za wazee tunazoziona madukani zimejaa makunyanzi. Mchoraji akiona mzee anaona makunyanzi, anayachora yote, anazidisha, na mnunuzi anayapenda kwa sababu yanamwambia "hekima" bila yeye kumjua mtu huyo. Bibi yangu ana paji la uso laini. Mikunjo yake iko chini ya macho na pembeni mwa mdomo, upande mmoja zaidi kuliko mwingine, kwa sababu anacheka kwa upande mmoja. Paji lile nililiacha tupu, shaba nzima bila kuguswa, na ndipo mwanga wote wa picha unakaa. Kazi nyingi niliiweka kwenye kilemba, kwenye shingo ya sweta, na kwenye kovu lililo juu ya jicho lake la kushoto, alilolipata utotoni alipoanguka na mtungi.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimekaa siku nyingi na picha ndogo ya bamba ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, ya mwaka 1628, ya mwanamke anayedhaniwa kuwa mama yake. Rembrandt alikuwa na miaka kama 22. Bamba lenyewe ni dogo kuliko kiganja, na kichwa cha mama kimejaa humo, mistari miembamba kama nywele. Sikutaka kumwiga. Nilitaka tu kujua mistari michache inaweza kubeba kiasi gani.

Dawa ninayotumia ni kloridi ya feri, ile ya kahawia ambayo mafundi redio hutengenezea bodi za saketi. Haitoi moshi wa kuchoma kifua kama tindikali ya naitriki, ila inatia doa la kutu kila inapogusa. Na haipendi baridi. Iringa ya mwezi wa saba dawa ilikuwa imezubaa kabisa, ikabidi trei yake niiweke ndani ya beseni la maji ya moto. Dakika 12 kwa mistari ya ngozi. Nikalitoa bamba, nikaifunika hiyo kwa vanishi ili isiendelee kuliwa. Dakika 30 kwa sweta. Karibu saa nzima kwa kilemba, kovu na mboni. Unakaa hapo na saa. Huwezi kuona kinachotokea, na ukizidisha hakuna kurudi.

Mashine yangu niliundiwa na fundi wa kuchomelea wa Ipogolo. Ina rola mbili za chuma, meza ya bati nene katikati, skrubu mbili za kukaza juu. Kati ya rola na karatasi lazima pawe na kitambaa cha sufu ili karatasi isukumwe kwa upole na isichanike. Nilikata blanketi la zamani la sufu alilonipa Bibi mwenyewe. Karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, niliagiza shiti 6 kubwa. Kila moja unaichana vipande 4. Hizo ni karatasi 24, na hapo ndipo hesabu ya toleo, yaani jumla ya nakala zenye namba, ilipotoka. Nne ziliharibika nikitafuta kiasi cha kufuta wino. Mbili niliziweka pembeni kuwa nakala za msanii, nje ya namba hizo. Zikabaki 18.

Watu wananiuliza: kama bamba bado zima, kwa nini usichape 500? Shaba ingeweza kutoa zaidi ya 18, ni kweli. Lakini kila nakala ilinichukua karibu saa nzima. Unafuta kwa chachi ngumu, unafuta kwa gazeti, unamalizia kwa nyama ya kiganja iliyopakwa chaki kidogo. Ukifuta sana paji linang'aa na uso unakuwa mkavu. Ukifuta kidogo unabaki na utusitusi kama jikoni kwake. Siku moja nilitoa 3, siku nzuri 4. Hakuna mbili zinazofanana kabisa. Nilipofika ya kumi na nane nilikuwa bado namtazama. Ningefika ya mia ningekuwa nafuta bati.

Chini ya picha, kwa penseli, niliandika kushoto 1/18, 2/18 na kuendelea, kulia jina langu. Kuandika 18 pale chini ni ahadi. Unamwambia kila mnunuzi kwamba wako wenzake 17 na hatakuja mwingine.

Krismasi tukakusanyika wote Mufindi, na mimi nikaja na nakala zangu kwenye bahasha ya maboksi, na bamba ndani ya blanketi lake.

Vurugu ya kwanza ilikuwa namba. Shangazi alitaka namba 1, kwa kuwa yeye ndiye binti mkubwa. Baba mkubwa akasema namba 1 ni ya mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike. Nikawaeleza kwamba namba 1 haina maana kuwa ilitoka kwanza wala kuwa ni bora. Zikishakauka zinachanganyika, unaziandika namba tu ili zihesabike. Hawakunielewa, au hawakutaka. Bibi alizipanga nakala zilizobaki juu ya mkeka, akazitazama moja moja kwa utulivu, akachagua namba 11. Nilishangaa, kwa sababu na mimi 11 ndiyo ninayoipenda: ina utusitusi kidogo upande wa sikio. Alichagua kwa macho.

Vurugu ya pili ilianzishwa na baba mdogo. "Kovu umeliweka upande usio wake."

Ni kweli. Nilichora moja kwa moja kwenye bamba nikimtazama, na karatasi inapobanwa juu ya bamba picha inageuka. Cha kulia kinakuwa kushoto. Kwenye bamba kovu liko mahali pake. Kwenye karatasi limehamia jicho la pili. Wote wakalikagua, wakakubaliana na baba mdogo, na mimi nikaanza kujitetea kwamba ndivyo picha za bamba zilivyo.

Bibi akasema, "Mbona liko sawasawa?"

Aliingia chumbani akarudi na kioo chake cha mkononi. Akajitazama, akatazama karatasi. Kwenye kioo kovu liko upande ule ule wa karatasi. Yeye hajawahi kujiona kwa namna nyingine. Sisi sote pale tulikuwa tunamjua Bibi ambaye yeye mwenyewe hajapata kumwona, na mimi, bila kukusudia, nilikuwa nimemchorea Bibi wa kwenye kioo. Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba kwa muda.

Jioni ndipo nikawaambia kuhusu mteja wa Dar.

Wachapaji wengi wakimaliza toleo wanalikwaruza bamba. Mstari mmoja mrefu, au miwili kama msalaba, katikati ya picha, ili asije mtu akachapa tena. Wengine wanachapa nakala moja ya bamba lililokwaruzwa, iwe ushahidi. Na sababu ipo. Mabamba ya Rembrandt yapatayo 80 bado yapo mpaka leo, na baada ya yeye kufa mwaka 1669 watu waliendelea kuyachapa kwa miaka mamia, wakayachosha, wakayachonga upya mistari iliyofifia, mpaka baadhi ya nyuso zikawa siyo alizozichora. Mteja wangu hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza kama ahadi yangu ina kufuli.

Baba mkubwa aliweka chini kikombe cha ulanzi. "Mwanangu, mama yu hai, amekaa hapa. Wewe unataka kumkwaruza uso kwa msumari?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hilo ndilo lililoliweka bamba chini ya kitanda miezi mitatu. Mkono wangu ulikuwa umekataa. Nilishajiambia ni shaba tu, nikalitoa, nikashika sindano, nikaliona lile paji nililoliacha tupu, nikalirudisha. Shangazi alisema kumkwaruza mtu uso ni kumtakia mabaya, na sioni kwamba alikosea. Kwenye vitabu vya uchapaji jambo hili linaelezwa kama kufunga daftari la hesabu. Hawakufikiria kwamba aliyechorwa anaweza kuwa amekaa mbele yako na ungo wa maharage.

Bibi aliacha kila mtu aseme. Kisha: "Huyo bwana anaogopa nini?"

Nikamweleza kwamba anaogopa nitachapa nyingine mia na kuziuza.

"Kumbe anaogopa nisije nikawa wengi."

"Ndiyo, Bibi."

"Hata mimi sitaki kuwa wengi." Akalichukua bamba, akalipima kwa macho, akaweka kidole juu ya kilemba, pale ambapo sikuchora kitu. "Toboa hapa. Nitalitundika."

Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Mafinga. Fundi alitoboa kwa drili, tundu la milimita 6, akauliza ni la kazi gani, nikamwambia la msumari. Niliporudi Iringa nikachapa nakala moja ya mwisho. Juu ya kilemba karatasi imevimba ndani ya tundu, duara jeupe lisilo na wino, safi kama kifungo. Bamba hilo haliwezi tena kutoa nakala isiyo na duara hilo. Na mtu akisema ningeweza kulikata sehemu ya juu, ukingo ungenisema: nakala zote 18 zina alama ya sentimita 15 kwa 20.

Nilipiga picha, nikamtumia mteja na kumweleza yote. Alinyamaza siku mbili. Akajibu kwamba yeye amezoea kuona mkwaruzo wa katikati, lakini atachukua nakala 1 badala ya 2. Nilimtumia namba 6, kwa shilingi 180,000, na sikumshawishi kuhusu ya pili. Zimebaki 5. Nikiulizwa bamba liko wapi, sasa nina jibu.

Mwezi wa pili nililipeleka. Bibi alikuwa ameshapigilia msumari jikoni, ukutani juu ya mafiga, na akalitundika mwenyewe. Nilimwambia moshi utalifanya jeusi. Akasema lilianza jeusi. Nilipopita tena mwezi uliofuata mistari ilikuwa haionekani vizuri, isipokuwa saa tatu asubuhi jua likiingia dirishani, ndipo paji linang'aa na kovu linaonekana, juu ya jicho la kushoto. Wageni wakiingia anawaonyesha. Nakala namba 11 iko chumbani, kwenye fremu, kando ya kioo, na huko haingizi mtu. Nilimuuliza kwa nini asizitundike pamoja.

"Huyu wa jikoni ni wenu," alisema. "Yule wa ndani ni wangu."